Mujib wa Baiskeli na Korongo wa Buteba

Mujib Wahabi alizaliwa Busia, upande wa Uganda, katika nyumba iliyo nyuma ya msikiti, kwenye familia ambayo haikuwahi kukubaliana ilitoka wapi. Babu yake mzaa baba alifika Tororo zamani kutafuta kazi ya saruji. Akiulizwa kwao ni wapi alijibu Tabora, na mkewe hakuacha kusema kwamba mzee huyo hajui hata Tabora iko upande gani wa jua. Nyumbani walizungumza Kiswahili, sokoni Kisamia, na mbele ya askari wa mpakani walizungumza lugha yoyote ambayo askari mwenyewe alipenda kuisikia.

Baba yake aliendesha boda enzi ambazo boda ilikuwa baiskeli. Kati ya lango la Uganda na lango la Kenya kulikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mtu mwenye mzigo, na vijana wa Busia waliwabeba abiria kwenye keria iliyofungwa mto wa sponji. Mujib alirithi kazi, na baadaye akarithi na baiskeli yenyewe. Mkewe, Fauziya, alimpata kazini. Alimpakia na furushi la vitenge siku ya mvua, akampitisha kwenye dimbwi, na Fauziya akamgombeza kuanzia hapo hadi upande wa pili. Juma lililofuata alirudi, akawapita waendeshaji wengine wote pale kijiweni, akapanda baiskeli ileile.

Pikipiki zilipoingia, kazi ya baiskeli ilikufa taratibu, kama moto usiochochewa. Wenzake waliuza baiskeli zao, wakakopa, wakanunua pikipiki. Mujib naye alijaribu. Alianguka na pikipiki ya watu karibu na soko la Sofia, bomba la moshi likamuunguza mguu, akairudisha kwa mwenyewe na hakutaka tena kuizungumzia. Akarudi kwenye baiskeli yake, akibeba makaa, kuku, magunia ya dagaa na yeyote asiyekuwa na haraka. Alipokaribia miaka hamsini, vijana wa kijiweni walimwita Makumbusho. Hakuwakasirikia. Fauziya aliuza sambusa na chapati karibu na kituo cha mabasi, binti yao Latifah alikuwa ameolewa Malaba, na maisha yalikuwa yakienda, ingawa hayakuwa yakienda mbali.

Aliyemtoa hapo alikuwa msichana wa Rubongi aitwaye Babra. Wazazi wake walikuwa wakulima Wapadhola, na yeye alikuwa amesomea utalii, akaajiriwa na kampuni moja ndogo ya Jinja iliyowapokea wageni wanaoingia Uganda kwa barabara kutoka Kenya. Wageni hao walipita Busia wakiwa wamesinzia. Walikuwa wametoka kuona nyumbu na simba Kenya, na walikuwa wakienda magharibi kuona sokwe milimani. Kwao, nchi nzima iliyokuwa katikati ilikuwa kitu cha kupita. Babra alikulia katikati hiyo. Alijua kwamba huko Buteba, mwendo mfupi kutoka mjini, kulikuwa na kinamasi cha mafunjo ambacho korongo taji walizalia, ndege yuleyule aliye kwenye bendera ya Uganda. Aliwashawishi wakubwa wake wawasimamishe wageni Busia asubuhi moja, wakawaone.

Mwanzoni aliwapeleka kwa pikipiki. Korongo waliruka kabla hata wageni hawajazitoa darubini mikobani. Aliwapeleka kwa miguu, wakafika jua limeshakuwa kali, ndege wametawanyika mashambani na nusu ya wageni wakitaka maji tu. Alikuwa karibu kukata tamaa alipomwona Mujib akisimama mbele ya duka na trei za mayai zimepangwa nyuma yake hadi mabegani. Mwenye duka aliyakagua, akayapokea yote. Hakuna lililokuwa limepasuka.

Babra alimwuliza kama anaweza kumbeba mgeni mnene kwa njia ya shambani.

"Nimewahi kubeba kitanda," Mujib alisema, "na bibi harusi amekaa juu yake."

Mgeni wa kwanza aliyembeba alikuwa mwanamume mkubwa mwenye kofia, aliyemshika shati kwa nguvu hadi kifungo kikachomoka. Lakini baiskeli haikutoa sauti zaidi ya mnyororo wake, na korongo walikuwa wamezoea kuwaona wakulima wakipita kwa baiskeli kila siku. Waliinua shingo, wakatazama, wakaendelea kula. Dume mmoja alikuwa akimchezea jike wake. Alikunjua mabawa, akaruka juu, akatua, akainama, na lile taji lake la nyuzi za dhahabu likawa linatikisika. Mgeni aliliachia shati la Mujib, akatazama. Mujib, ambaye aliwaona ndege hao tangu utotoni kama mtu anavyoona nguzo za barabarani, alijikuta naye ameegemea usukani, anatazama.

Utulivu huo haukudumu, kwa sababu mama mmoja alitokea kwenye shamba la karanga akigonga debe bovu, akirusha mabonge ya udongo na kuwafukuza korongo kwa matusi ya Kisamia. Ndege wote wakaondoka. Wageni walisikitika, mmoja wao akataka kujua kwa nini mama yule anawatesa ndege. Mama alisimama, akawaangalia, akamwuliza Mujib nani kati ya watu hao atamlipa karanga zake, maana korongo wamefukua mbegu mstari mzima tangu alfajiri. Mujib alitafsiri kwa maneno laini zaidi. Babra, aliyekielewa Kisamia kidogo, alimwomba atafsiri kama ilivyosemwa.

Mama huyo aliitwa Loice. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia watoto na kipande hicho cha ardhi kilichoshuka hadi ukingoni mwa kinamasi, na shemeji yake Ojiambo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akisema mara kwa mara, bila ukali wowote, kwamba ardhi ni ya ukoo na mjane ni mlinzi tu.

Swali la Loice ndilo lililoleta mapatano. Babra alirudi Jinja nalo, akalirudia mbele ya wakubwa wake, kisha akaja Buteba mara kadhaa kukaa na watu wa kando ya kinamasi. Mwishowe walikubaliana kwamba sehemu ya malipo ya kila mgeni ibaki kwa kijiji, wageni wapate chakula cha mchana nyumbani kwa Loice, na kijiji kwa upande wake kisichimbe mifereji ya kukausha kinamasi wala kuchukua mayai na vifaranga. Baada ya misimu miwili kijiji kilichimba kisima cha pampu kwa fedha hizo. Mujib aliwatafuta wenzake wa zamani ambao baiskeli zao zilikuwa bado zinazunguka, wakawa kundi. Mmoja wao, Odoi, alitoka kila wiki mbali, Nabuyoga, na alikuwa mzee kuliko Mujib. Vijana wa kijiweni waliacha kusema Makumbusho, ingawa si wote.

Haikuwa kwamba kila mtu alifurahi. Korongo waliendelea kula mbegu. Waliotaka kulima mpunga ndani ya kinamasi walinung'unika kwamba wazungu wamenunua matope. Loice mwenyewe hakuacha kugonga debe lake. Tofauti ni kwamba siku za wageni aligonga wakishaondoka.

Kisha umeme ukaja, au tuseme nguzo zilikuja. Watu wa Buteba walikuwa wameusubiri umeme muda mrefu sana, wakitazama taa za Busia zikiangaza anga usiku wakati wao wakisaga nafaka mbali na kulipia kuchaji simu. Mkandarasi alinyoosha laini kwa njia fupi kuliko zote, kutoka barabara kuu moja kwa moja juu ya shingo ya kinamasi, pale kinapobana kati ya vilima viwili vidogo. Hakuna aliyepinga. Mujib naye hakupinga. Nguzo zilisimama, nyaya zikavutwa, na watu wakaanza kununua balbu kabla umeme wenyewe haujafika.

Shingo ile ya kinamasi ndiyo iliyokuwa njia ya korongo. Asubuhi walitoka mafunjoni kwenda mashambani wakiruka chini chini, na asubuhi za ukungu hawakuuona waya. Wa kwanza aliokotwa na wakata nyasi, bawa limevunjika begani, akafa siku hiyohiyo. Wa pili alianguka mbele ya wageni.

Mujib alikuwepo. Alikuwa amembeba mama mmoja wa makamo kutoka Ulaya, mpole, aliyekuwa akimwuliza habari za mkewe na binti yake njia nzima. Korongo wawili walitokea kwenye ukungu wakiwa pamoja. Mmoja alipita. Mwingine aligonga waya, ikasikika sauti kama ya fimbo kwenye blanketi, akazunguka hewani na kuanguka kwenye maji. Mwenzake alirudi, akatua kando yake na kuanza kulia. Korongo taji huishi wawili wawili, na yule aliyebaki hakuondoka hata watu walipomkaribia. Mgeni yule alipiga picha huku akitokwa na machozi. Mujib aliingia majini hadi mapajani, akamtoa yule aliyeanguka, lakini shingo yake ilikuwa imeshalegea.

Picha hizo zilisambaa mtandaoni kabla ya mwisho wa juma. Chini yake yule mama alikuwa ameandika kwamba wanakijiji wa hapo wameuza ndege wao kwa ajili ya taa. Babra alimwandikia, akamweleza kwa upole jinsi mambo yalivyokuwa, naye akayabadilisha maneno, lakini yale ya kwanza yalikuwa yameshasomwa na watu wengi. Waliokuwa wakigharimia mradi wa umeme wakaagiza kazi isimame hadi athari kwa ndege zichunguzwe. Mafundi wakapakia ngazi zao, wakaondoka. Nyaya zikabaki juu bila umeme ndani yake, na balbu zikabaki kwenye maboksi.

Siku iliyofuata Mujib na kundi lake walikuta njia ya kinamasi imezibwa kwa matawi ya miiba. Vijana waliokuwa nyuma ya miiba hiyo walikuwa wale wale waliokuwa wakimsalimia. Ojiambo, mwenyekiti, alisimama mbele yao. Hakupaza sauti.

"Wewe ni mtu wa lami, mzee Mujib," alisema. "Umeleta mgeni, mgeni amekula kwetu, kisha amekwenda kututukana dunia nzima. Stima imesimama. Sasa rudi na baiskeli yako mjini, mpaka stima iwake."

Mujib hakubishana. Alimgeuza mgeni wake, akamrudisha Busia. Jioni alimwambia Fauziya kwamba kazi ya korongo imekwisha, na kwamba mwenyekiti hakukosea sana. Fauziya alikuwa akikunja sambusa. Alimwuliza ni nani aliyekosea, kama si mwenyekiti, si yeye, wala si yule mama wa picha. Mujib alisema hajui. Alikula, akaswali, akalala mapema.

Babra hakulala mapema. Alimtafuta mhandisi wa mradi, naye akaja Buteba na ramani, akatembea siku nzima. Jibu lake lilikuwa jepesi kusema. Laini ingeweza kuhamishwa, izunguke kwa upande wa mashariki kwenye ardhi kavu, mbali na mapito ya ndege, na sehemu ndogo itakayobaki karibu na mafunjo ifungwe visahani vya rangi ili ndege wauone waya. Ugumu ulikuwa kwamba upande huo wa mashariki ulikuwa shamba la Loice. Nguzo zingepita ukingoni mwa karanga zake, na mfenesi wake, ambao aliuza matunda yake Busia kila msimu, ungekatwa. Fidia ingekuwepo, lakini kila mtu Buteba alijua fidia huchukua muda gani.

Babra alimwendea Loice, akamweleza. Loice alisikiliza hadi mwisho, akakataa. Alisema amekwisha kutoa mbegu zake kwa ndege hao kila msimu, sasa wanataka na mti. Babra aliondoka bila kumsukuma.

Siku moja kabla ya mkutano wa kijiji, Mujib alikwenda Buteba peke yake, kwa miguu, akaingia kwa njia ya nyuma ili asionekane anavunja amri ya mwenyekiti. Alimkuta Loice akibangua karanga kwenye mkeka. Loice alimsukumia ungo mwingine bila kumwuliza alichofuata, na Mujib akakaa, wakabangua pamoja.

"Kama umekuja kwa habari ya mti, nimeshamjibu yule binti," Loice alisema.

"Sikuja kwa habari ya mti. Nimekuja kuaga."

Alimweleza kwamba kesho atasema mbele ya watu kuwa anaacha kuleta wageni, ili kijiji kipate umeme wake bila maneno. Yeye kwake Busia ana umeme tangu zamani, alisema, na haoni atamtazamaje mtu machoni na kumwambia akae gizani kwa sababu ya ndege. Alimshukuru kwa chakula chote alichowapikia wageni, na kwa chai aliyompa yeye bila mgeni kuwepo.

Loice alipepeta ungo wake, akapuliza maganda. Kisha akaanza kuzungumza mambo ambayo Mujib hakuyategemea. Alisema kwamba kabla ya wageni, shemeji yake alipita hapo na watu akawaonyesha mipaka kwa mkono, kana kwamba yeye Loice hayupo. Wageni walipoanza kuja, ubao uliwekwa njiani wenye maandishi kwamba chakula kiko kwa Loice. Watu wakaanza kuelekezana hivyo. Shamba la Loice, kisima kilicho juu ya kwa Loice, kushoto ukifika kwa Loice. Hata Ojiambo alilazimika kusema hivyo, maana ndivyo watu walivyoelewa. Wageni wakiacha kuja, ubao utaoza, na baada ya muda mahali pale patarudi kuwa pa marehemu, kisha pa ukoo.

Mujib alikusanya maganda yaliyomwagika mkekani. Alimaliza ungo wake, akaaga mara ya pili, akaondoka.

Mkutano ulifanyika mchana katika darasa la shule ya msingi, watu wamejibana kwenye madawati ya watoto na wengine wamesimama madirishani. Mhandisi alieleza njia zote mbili, ya mashariki na ile iliyopo, ambayo ingengoja uchunguzi wa ndege umalizike. Palikuwa na kelele kidogo, kisha Ojiambo akawatuliza, akasema njia ya mashariki haiwezekani kwa sababu mwenye shamba hataki, kwa hiyo wageni na waende zao, na laini ibaki ilipo. Akamwita Mujib aseme neno lake, kwa kuwa ndiye aliyewaleta wageni hao.

Mujib alisimama. Hakuwa amezoea kuzungumza mbele ya watu wengi, na alijikuta akizungumza kwa Kisamia cha sokoni, cha kuuza na kununua. Aliomba radhi kwa maneno ya yule mgeni. Alisema hakutegemea kuwa kazi yake ingezuia taa za watu, na kwamba kuanzia siku hiyo hataleta mgeni hadi kijiji chenyewe kimwite. Aliketi. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba mzee amesema vizuri.

Ndipo Loice aliposimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Nguzo zipite kwangu," alisema. "Mti ukatwe, nakubali."

Darasa likapiga makofi. Loice alingoja makofi yaishe.

"Lakini nimesikia mtu akipitisha stima katika shamba la mtu, lazima kuwe na karatasi, na mwenye shamba atie sahihi. Ndivyo, mhandisi?"

Mhandisi alisema ndivyo.

"Basi kwenye karatasi hiyo kwenye nafasi ya mwenye shamba kuandikwe Loice. Kusiandikwe jina la marehemu. Wala la shemeji yangu. Na mwenyekiti aweke muhuri wa kijiji hapa hapa, watu wakiona, ili mafundi wasichelewe."

Watu wazima waliokuwa wamejikunja kwenye madawati madogo walimtazama Ojiambo, na Ojiambo akawatazama. Kila mmoja wao alikuwa na balbu nyumbani. Hakuna mwenyekiti ambaye angesimama mbele ya darasa lile na kusema kwamba umeme usubiri hadi ukoo ukae kuzungumzia ardhi ya mjane.

"Shemeji," Ojiambo alisema hatimaye, "wewe umefikiria mbali."

"Nimekuwa na muda wa kufikiria," Loice alijibu.

Muhuri uliletwa. Ojiambo aliupiga mwenyewe, kwa utulivu, na baadaye, wakati watu wakitoka, alionekana akimwonyesha mhandisi mahali pazuri pa kuweka nguzo ya kwanza, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Labda ndivyo alivyoamua kulibeba. Hakumsumbua tena Loice kuhusu ardhi, na watu walisema waliwahi kumsikia akimtetea mjane mwingine kwa maneno yaleyale ya karatasi na sahihi.

Mujib alipomsimulia Fauziya usiku huo, Fauziya alicheka hadi akaweka chini kikombe cha chai. Mumewe alimwuliza kinachomchekesha.

"Baba Latifah," alisema, "ulikwenda kumuaga, ukamwonyesha kitu gani kinaondoka. Mwanamke hahitaji zaidi ya hapo."

Kuhamisha laini kulichukua muda mrefu kuliko mhandisi alivyosema. Mfenesi ulikatwa. Loice aliomba mbao zake, akatengenezewa meza ndefu ambayo wageni wanakula juu yake hadi leo. Umeme uliwaka Buteba siku ya kawaida, mchana, hivi kwamba wengi hawakujua hadi giza lilipoingia. Fidia ilikuja baadaye sana, ikiwa pungufu, naye Loice alilalamika kwa kila aliyetaka kusikiliza na kwa wachache wasiotaka.

Korongo hawakurudi kuwa kama zamani. Yule aliyefiwa na mwenzake alikaa kwenye shingo ya kinamasi msimu mzima, akitembea peke yake chini ya mahali nyaya zilipokuwa, kisha siku moja hakuonekana, na hakuna aliyejua kama aliondoka au alikufa. Jozi nyingine zilizaa. Mwaka mmoja vifaranga walikuwa wachache, mwaka uliofuata wakaongezeka. Kando kidogo ya mafunjo, upande wa pili wa mpaka wa kijiji, watu ambao hawakuwa kwenye mapatano walichimba mifereji na kulima mpunga, na mpunga ukastawi. Babra aliwaendea mara nyingi. Waliomba nao kisima.

Mujib aliitwa kurudi, kama alivyoomba. Ojiambo mwenyewe alimpigia simu. Wageni waliendelea kuja, wengine wakiwa Wakenya wa kutoka Nairobi waliokuja mwisho wa juma, na wengine walimu wa Tororo na wanafunzi wao, ambao Babra aliwatoza kidogo tu. Magoti ya Mujib yalianza kumsumbua, akawa anabeba wageni wepesi na kuwaachia wenzake wageni wazito. Odoi wa Nabuyoga, aliyekuwa mzee kuliko wote, hakuwahi kulalamikia goti lolote.

Mwaka jana kampuni ya Babra iliamua kuwapeleka waendesha baiskeli, wake zao na watu wachache wa Buteba kwenye hifadhi ya Murchison, wakaone wanavyoishi watu wa huko na wanyama wao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuingia kwenye hifadhi. Walisafiri siku nzima, Loice akiwa amebeba karanga za kukaanga za njiani, Fauziya sambusa. Asubuhi walipandishwa kwenye gari lililo wazi juu, na kwa mara ya kwanza Mujib alikuwa yeye ndiye aliyeketi nyuma bila kuendesha chochote. Hakulipenda jambo hilo. Kila gari lilipokata kona mguu wake ulitafuta breki.

Waliona twiga, ambao Loice aliwacheka kwa upole. Waliona ndovu wakivuka njia, mama na watoto wake, wakitembea kana kwamba gari halipo. Mujib alivua kofia yake bila kujua kwa nini. Mwongozaji wa huko aliwaeleza kwamba nje ya hifadhi ndovu huingia mashambani usiku na kumaliza muhogo wa mtu kabla hajaamka, na Loice akamwuliza maswali mengi kuhusu hilo, hasa juu ya nani analipa, na mwongozaji akajitahidi kujibu.

Kurudi, jua likiwa limekolea na tumbo lake limejaa, Mujib alisinzia. Aliamka gari likiwa limesimama na wenzake wote wamenyanyuka upande mmoja, wanashusha pumzi. Simba dume alikuwa amelala karibu kabisa na njia, walimwambia. Alikuwa ameshanyanyuka, akajinyoosha, akaingia kwenye nyasi ndefu kabla Mujib hajafumbua macho. Mujib aliona nyasi zikitikisika.

Aliporudi Busia, vijana wa kijiweni walimzunguka kumwuliza kuhusu simba. Odoi alikuwa ameshawasimulia, akiwaonyesha kwa mikono ukubwa wa kichwa, na sasa walitaka kusikia kwa Mujib ambaye alikuwa kwenye gari lilelile.

"Sikumwona," aliwaambia. "Nililala."

Walidhani anatania. Walimbembeleza, mmoja akamnunulia chai. Mujib alikunywa chai hiyo, akashukuru, akarudia kwamba hakumwona, aliona nyasi tu. Kisha akapanda baiskeli yake, kwa kuwa kulikuwa na mwalimu kutoka Tororo aliyekuwa akisubiri kupelekwa Buteba kabla jua halijawa kali.